Siku Lori la Salumu Lilipoacha Kufuka Moshi

Tangu nirudi sijanywa chai kwa amani katika chumba cha walimu. Mmoja anauliza kama kweli nilifungua injini ya lori la watu. Mwingine kasikia kwamba nilifufua kuku. Na mwalimu wetu wa jiografia, ambaye anaifundisha Ufipa kila mwaka na hajawahi kuikanyaga, anataka kujua kama ni kweli kule kuna baridi. Basi nimeona niandike yote, msome kwa zamu, mniache na kikombe changu. Habari za kuomba ruhusa na kutafuta nafasi ya usafiri nitaziruka. Kila mmoja wenu anazijua, na sijamwona aliyewahi kuzicheka.

Kwanza mjue kwamba sikusafiri kwa ajili yangu. Nilikuwa nampeleka mama mkubwa Oresta, dada wa mama yangu, ambaye anakaa nami hapa Mbeya tangu pumu ilipomzidi. Kijijini kwetu Mwazye mjukuu wake Sabina alikuwa anaolewa. Sabina alifiwa na mama yake angali mchanga, na aliyemlea ni huyu bibi yake, kwa uji wa ulezi na kwa makemeo. Sasa, katika ukoo wetu bibi harusi haingii kanisani mpaka mwanamke mkubwa kuliko wote wa upande wa mama yake ampake unga wa ulezi kwenye paji la uso, kisha apige kigelegele cha kwanza. Wengine wote hufuata. Harusi iliyopita mama mkubwa hakufika. Moshi wa lori ulimkaba njiani, akashushwa Laela akitweta, na mwanamke mwingine akapiga kigelegele chake.

"Kwa Sabina hapigi mtu mwingine," aliniambia tulipokuwa tunafunga mizigo. "Hata kama nitabakiza pumzi moja, nitaitumia hapo."

Na padre angekuwa Mwazye Jumamosi asubuhi tu, kisha aende kigango kingine. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchelewa, na ninyi mnajua barabara zetu zinavyowapenda watu wenye haraka.

Tunduma hadi Laela, pamoja na kuku wa Kalisto

Lori lililotuchukua Tunduma lilikuwa la Salumu, mtu wa makamo wa Sumbawanga mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara, kofia ya kiua kichwani hata akiwa chini ya gari. Ni mtu mwema sana. Alimwamkia mama mkubwa shikamoo mara mbili, akamweka mbele karibu naye na kumkunjia blanketi la kukalia. Kisha akawasha gari, na nyuma yetu kituo kizima kikatoweka.

Nimefundisha kemia miaka mingi lakini sijawahi kuona moshi mweusi namna ile. Ulitoka kwa mafungu, mzito, ukalala barabarani nyuma yetu kama nguo iliyodondoka. Nikamwuliza Salumu kama gari linaumwa.

"Linaumwa?" Alicheka mpaka usukani ukayumba. "Mwalimu, hiyo ndiyo nguvu yenyewe! Fundi wangu hapa Tunduma kanifungulia pampu, dizeli inaingia bila hofu. Gari lisilo na moshi ni kama mume asiye na sauti nyumbani."

Mama mkubwa hakucheka. Sakafu ya gari ilikuwa na matundu kwenye pedali, na moshi ulikuwa unapanda humo taratibu ukimfuata puani. Hatukufika mbali akaomba tuhamie nyuma, juu ya magunia, penye upepo. Huko tulikuwa na abiria wachache, akiwemo Kalisto wa Laela aliyebeba tenga la kuku na kulikumbatia kama mtoto.

Upepo ulitusaidia kwa muda. Lakini mwalimu wa jiografia na asikie: baridi ipo. Mwezi wa saba juu ya uwanda ule, upepo wa asubuhi unakata masikio, na vumbi linakuja pamoja nao. Abiria wakavuta turubai tukajifunika wote, tukawa tumekaa gizani tumebanana, joto likapatikana, na kila mtu akafurahi. Baada ya muda mazungumzo yakapungua. Mimi kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni njaa. Mama mkubwa akaegemea bega langu kwa uzito ambao haukuwa wake.

Ndipo Kalisto alipopiga kelele. "Jamani, kuku wangu! Nani kanirogea kuku wangu?"

Kuku walikuwa wamelala shingo zimeanguka. Kalisto akatutazama mmoja mmoja, macho yakatua kwa mama mkubwa. "Huyu bibi tangu Tunduma anamkodolea macho jogoo wangu!"

"Nilimkodolea," akasema mama mkubwa kwa sauti ndogo, "kwa sababu nina njaa."

"Sumbawanga hatujafika, na uchawi umeshatupokea njiani," mmoja akanong'ona.

Sikungoja kesi isikilizwe. Nilirarua kamba ya turubai, nikapiga paa la kibanda cha dereva kwa ngumi zote mbili mpaka Salumu akasimama. Tukawashusha watu, tukawatandaza kuku kwenye majani penye upepo. Nilikuwa na hofu ya kweli, maana mama mkubwa alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Kumbe bomba la ekzosi lilikuwa limepasuka chini ya bodi, na moshi wote ulikuwa unapanda kati ya mbao kuingia chini ya turubai letu.

Mnalijua somo hili, lakini mfikirie kulifundisha kando ya barabara kwa mtu anayewapepea kuku kwa kofia. Niliwaambia kwamba dizeli ina kaboni ndani yake. Kaboni ikiungua na kupata oksijeni ya kutosha, inatoka hewa isiyo na makali. Isipopata oksijeni kabisa inabaki masizi, ndiyo weusi huo. Ikipata nusunusu inatoka kaboni monoksaidi, na hiyo haina rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni. Mtu anasinzia huku anaona raha. Kuku kwa kuwa ni wadogo hutangulia.

"Kwa hiyo aliyemroga jogoo wangu ni Salumu?" akauliza Kalisto.

Jogoo akafumbua jicho moja, akasimama kwa kuyumba, akajaribu kuwika, ikatoka nusu. Watu wakashangilia. Hivyo ndivyo nilivyofufua kuku.

Laela

Laela tulipumzika. Kalisto, kwa aibu, akatupeleka kwake, na mkewe akatupikia ugali wa ulezi na maharage yaliyokolea chumvi. Mama mkubwa alikula kidogo akiwa ameketi wima, maana kulala kulimkaba. Yule jogoo alipita mlangoni mara kadhaa akitutazama, na kila mara Kalisto alimtazama mama mkubwa kwa wasiwasi.

"Usiogope baba," akamwambia. "Nimeshiba."

Mimi sikushiba. Niliutazama mgongo wake ukipanda na kushuka, nikafahamu kwamba tukiendelea na moshi ule hatafika Mwazye, au atafika bila sauti, na kwake yote mawili ni sawa. Lori lingine la kwenda huko halikuwepo. Nikatoa leso yangu nyeupe, nikaenda kuishika mdomoni mwa bomba wakati Salumu anapasha injini moto. Ilirudi nyeusi, ina duara la masizi unaloweza kuandikia. Nikamwonyesha.

"Hiyo ni leso," akasema Salumu. "Mapafu ni kitu kingine."

Nikamwambia mapafu ya mama mkubwa ni membamba kuliko leso. Akapanda kwenye usukani. Tulisafiri hadi Sumbawanga bila turubai, tumejifunga kanga na blanketi hadi puani, na mama mkubwa hakusema neno lolote njia nzima. Kwa wanaomjua, hilo liliogopesha kuliko kikohozi.

Sumbawanga mjini: Bi Zuhura anaingia kati

Nilijiandaa kwa hotuba ndefu ya kumshawishi Salumu. Haikuhitajika. Lori lilipoingia uani kwake likinguruma, mlango ulifunguka akatoka mkewe, Bi Zuhura, na mwiko mkononi.

"Zima! Zima hapo hapo! Nimeanika!"

Kwenye kamba kulikuwa na mashuka. Yalikuwa meupe bado upande mmoja. Bi Zuhura alitukaribisha sisi kwa upole wote, akampa mama mkubwa kiti na kahawa ya tangawizi, kisha akageuka na kumsomea mumewe mashtaka ya miaka yote: mashuka, kanzu ya Idi, ukuta alioupaka chokaa, na kikohozi chake mwenyewe Salumu kila alfajiri, ambacho jirani wanakitumia kama saa.

"Mwalimu," akaniambia, "ukimtolea gari hili moshi, nakupikia pilau."

Salumu akajitetea kwamba bila moshi gari halitapanda milima ya Matai. Hapo mama mkubwa akaweka kikombe chini. Baba yake alikuwa mmoja wa wazee walioyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo magofu yake bado yamesimama huku na huku Ufipa.

"Mwanangu Salumu," akasema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Lungu la baba lilikuwa na matundu chini pande zote. Ya hewa. Watoto tukicheza tukaziba moja kwa udongo, baba alijua akiwa mbali. Alikuwa anaona moshi umekuwa mweusi. Anakuja na fimbo. Anasema, mmeninyima chuma, mmenipa moshi."

Salumu akamtazama, akatazama lori. "Kwa hiyo langu limezibwa tundu?"

"Tuone," nikasema, nikapandisha mikono ya gauni.

Tukafungua chujio la hewa, lile bakuli lenye oili linalonasa vumbi kabla hewa haijaingia kwenye injini. Oili ilikuwa imegeuka udongo wa kufinyangia. Ndani ya bomba lake panya alikuwa amejenga kwa makapi ya ulezi na uzi wa gunia, nyumba nzuri kuliko za walimu. Injini ilikuwa inamiminiwa dizeli kama mtoto anayelishwa uji huku kazibwa pua. Salumu aligeuzageuza kile kiota mkononi.

"Fundi kanifungulia mafuta," akasema, "hakunifungulia hewa."

Tukaosha chujio kwa mafuta ya taa, tukaweka oili safi. Skrubu ya pampu Salumu aliirudisha mwenyewe, kidogo kidogo, huku mimi nimeshika leso kwenye bomba na kupaza sauti: "Bado! Bado! Hapo!" Ufa wa ekzosi tukauzungushia bati la kopo la mafuta ya kupikia, tukakaza kwa waya na kuukandika udongo wa kichuguu, kwa maelekezo ya mama mkubwa, maana hata malungu yalijengwa kwa udongo huo. Aliamuru kutoka kitini bila huruma. Masizi yalinifika nyusi.

Tulipomaliza leso ilipata kivuli cha kijivu tu. Sikuondoa kila kitu, na niliwaambia hivyo. Gari la dizeli haliwi malaika. Lakini mashuka yalibaki kambani, na pilau ililiwa.

Sumbawanga hadi Matai

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Asubuhi ile ya Jumamosi tuliondoka mapema, anga limeoshwa, mashamba yamevunwa, na nyuma yetu barabara ilionekana. Mama mkubwa alirudi mbele kwenye blanketi lake, nami nikabanwa mlangoni. Matundu ya pedali yalileta baridi tu. Mlima wa kwanza Salumu aliupanda akiwa ameshika tasbihi. Wa pili aliupiga usukani kofi la furaha.

"Linapanda, Mwalimu! Na dizeli haishuki kama zamani!"

Mama mkubwa alianza kusimulia. Alisimulia ndoa yake, ndoa za jirani, na kasoro za kila mkwe tangu enzi za baba yake. Aliongea mpaka Matai, tukasimama kununua samaki, migebuka wa kukaushwa waliopanda kutoka ziwani Kasanga, akaongea huku anatafuna. Sijawahi kufurahia kusengenywa kwa ndugu zangu kiasi kile.

Kona ya baada ya Matai

Mbele ya Matai kuna kona ambapo wanakijiji humngoja Salumu na magunia yao ya mahindi. Tulipoikaribia tuliona watu wamejaa. Tulipofika hapakuwa na mtu. Magunia yalikuwepo, kigoda kimoja, na ndala ya mguu wa kushoto.

Salumu akaita. Kimya. Mwishowe kichwa kikatokeza nyuma ya kijumba, cha balozi wa nyumba kumi.

"Ee, kumbe ni wewe Salumu? Mbona umekuja hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Bila moshi! Tumesema gari zima namna hii ni la wakubwa tu. Tukajua mmekuja na mkutano, au mnatafuta watu wa kuchimba barabara. Wote wameingia mashambani. Mimi nimebaki kwa sababu ni kiongozi."

Alikuwa amebaki nyuma ya choo. Nilicheka mpaka nikashika mlango, lakini Salumu hakucheka. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa na honi. Ilikufa zamani na hakuitengeneza. Uwanda ule ni wazi, na watu waliuona moshi wake ukiwa vilima viwili nyuma, wakafunga magunia na kuja. Moshi ulikuwa jina lake. Alishuka akachukua spana.

"Narudisha skrubu, Mwalimu. Umenisaidia, nashukuru, lakini umenifanya mgeni kwenye njia yangu."

Nikashuka nikasimama mbele ya boneti. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu zaidi, kwa sababu alikuwa na haki kwa upande wake. Kisha akasema lililonitoa jasho: "Hata Mwazye nilituma salamu kabla ya matengenezo haya, mkiona moshi wangu juu ya kilima, mvalisheni bibi harusi, bibi yake yumo. Sasa wataona nini?"

Tukatazama jua. Lilikuwa limepanda sana. Huko Mwazye walikuwa wamekaa wanatazama kilima kisicho na kitu, na padre anatazama saa. Wasipouona moshi wangesema Oresta kashushwa tena njiani, kama mara ile.

"Tuchome tairi la zamani juu ya kilima," akasema Salumu. "Wataona."

Mama mkubwa aliteremsha kioo. "Salumu mwanangu. Ukirudisha moshi, mimi nafika nimekabwa. Ukichoma tairi, moshi wake utanikaba papa hapa kando yako. Utakuwa umewaletea moshi, hukuwaletea mimi." Akaelekeza mkono barabarani. "Endesha, baba."

Salumu alielekea kwenye boneti na spana. Alikohoa, akajisikia anavyokohoa, akaitupa chini ya kiti. Balozi alisaidia kupakia magunia yaliyokuwa na alama za majina, na tukaondoka.

Mwazye

Juu ya kilima hatukuona mtu wa kutupungia. Chini barabara ilikuwa imejaa: maandamano yalikuwa yameshaondoka nyumbani, yanaelekea kanisani, migongo yote imetuelekea. Ngoma zilikuwa zinalia. Katikati niliona kitambaa cheupe cha Sabina, na kando yake mama yake mdogo mmoja ameshika kibakuli cha unga.

Salumu akakanyaga. Watu wa nyuma waligeuka, wakaona lori lisilo na moshi, wakasogea pembeni kwa adabu ya kupisha wakubwa, na hawakututazama tena. Kwa kujisahau Salumu alibonyeza honi yake iliyokufa. Niliita kupitia dirishani, "Ni sisi! Ni sisi!" na ngoma zikameza sauti yangu yote, sauti hii ambayo ninyi mnalalamika inavuka madarasa matatu. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, padre kasimama kizingitini. Mama mdogo alichovya vidole kwenye unga.

"Simamisha," akasema mama mkubwa.

Alinipita, akafungua mlango, akasimama juu ya ngazi ya gari akishika fremu kwa mkono mmoja. Nilimshika kiuno nikahisi mbavu zake zikifunguka. Alivuta pumzi ndefu sana. Nilisubiri ile filimbi ya kifuani niliyoizoea, haikuja.

Kigelegele kikatoka. Kilianza juu na hakikushuka, kikapita ngoma, kikagonga ukuta wa kanisa kikaturudia, naye bado anakipiga. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mama mdogo aliganda, vidole vimejaa unga hewani. Sabina alisimama palepale bila kugeuka, mabega yakaanza kutetemeka.

"Huyo ni bibi," akasema. Kisha akainua gauni lake kwa mikono miwili akakimbia kurudi nyuma, mavumbini, kinyume cha maandamano yote.

Mama mkubwa alimpaka unga pale pale, kando ya gurudumu. Akampaka na Salumu, ambaye hakuomba, akabaki na paji jeupe chini ya kofia ya kiua anafuta macho na kusingizia vumbi. Padre akaja kwa haraka akionyesha saa yake.

"Mama, tuingie sasa. Kigelegele tumekisikia."

"Ngoja kidogo, Baba," akasema mama mkubwa Oresta. "Kile kilikuwa cha kuwaita. Cha Sabina ndiyo hiki."

Akavuta pumzi tena.